Ndimi Sita na Mizani Tatu



Fundi mmoja wa Tanga alinifundisha kwamba kile kipande cha chuma kinachotoka ubavuni mwa kitasa na kuingia katika mwimo wa mlango huitwa ulimi. Kitasa cha kawaida kina ulimi mmoja, pengine mbili. Kitasa ninachotaka kukisimulia hapa kilikuwa na ndimi sita. Tulikinunua mimi na ndugu zangu ili kimlinde mama yetu, na usiku mmoja wa masika kikamfungia ndani nami nimesimama nje. Nimekaa na kisa hiki miaka kadhaa bila kukiandika, kwa sababu ndani yake limo jambo la ushairi linalonihusu mimi mwenyewe, na jambo hilo halinipi sifa.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 wezi waliingia nyumbani kwetu Ngamiani. Walipitia mlango wa uani, ambao komeo lake lilikuwa la mbao na halikustahimili hata teke la pili. Wakachukua televisheni, mtungi wa gesi na redio ya marehemu baba. Mama alikuwa amelala chumba cha mbele. Hawakumgusa, wala yeye hakupiga kelele. Asubuhi aliwasimulia majirani kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini kwa mwezi mzima hakuisema redio ile, nasi tukajua ndiyo iliyomuuma.

Sisi watoto watatu, kila mmoja na mji wake, tulijadiliana kwa simu na kupitisha maazimio kama baraza la wazee. Mlango wa uani uzibwe kwa matofali. Madirisha yatiwe nondo. Mlango wa mbele uondolewe, uwekwe wa chuma, na utiwe kitasa cha ndimi nyingi. Mama hakuulizwa. Alipoambiwa alisema tu, "Haya, wanangu. Ninyi ndio mnaojua." Mimi, kitinda mimba, nikatumwa kutoka Dar es Salaam kwenda kusimamia kazi.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mzee wa makamo ya mama yangu, mwenye karakana ndogo iliyojaa vumbi la chuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinitazama juu ya miwani. "Wewe ndiye mwana wa yule mama wa mashairi?" akauliza. Nilisema ndiye, nikashangaa kidogo, kwa kuwa kwa miaka mingi sikuwa nimemsikia mama akitajwa hivyo. Akakichukua kitasa nilichokinunua, akakibana kwenye jiriwa, akafungua skrubu nne na kuondoa bamba la juu. "Kitasa hakinunuliwi kama embe, kwa kutazama ganda," akasema. "Njoo utazame ndani."

Niliyoyaona nitajaribu kuyaeleza kama alivyonieleza, kwa maneno aliyoyatumia yeye.

Katikati ya kitasa mlikuwa na gurudumu dogo la meno. Ubavuni mwa gurudumu hilo ulilala ufito wa chuma wenye meno yake, uliobeba ndimi tatu nene za mviringo, zilizopangwa kama vidole vya mtu anayekula kiapo. Fito nyingine mbili, ndefu, ziliungwa kwenye gurudumu hilo hilo: moja ikipanda hadi kwenye kizingiti cha juu na nyingine ikishuka hadi sakafuni, kila moja ikiwa na ulimi mwishoni. Hizo ni ndimi tano. Wa sita ulikuwa mfupi, umekatwa mshazari, na nyuma yake pana springi. Huo ndio unaojifunga wenyewe mlango unaporudishwa, na ndio unaovutwa na kitasa cha mkono. Fundi hakuuheshimu sana. "Huyu ni mpokea wageni," akasema. "Walinzi ni wale watano."

Ufunguo ukizungushwa mara ya kwanza, gurudumu husukuma fito zote kwa pamoja, na ndimi tano hutoka kwa takribani sentimita moja. Ukizungushwa mara ya pili, hutoka sentimita nyingine. Mkono unafanya kazi moja, na kazi hiyo inagawanywa pande tatu za mlango kwa wakati mmoja.

Lakini kabla gurudumu halijasogea, sharti lipatikane ridhaa ya vibamba. Hivyo vilikuwa vitano, vya shaba, vyembamba kama sarafu, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kimekandamizwa na springi yake. Neno springi tumelipokea kutoka Kiingereza. Fundi yule, kwa kuwa ni mtu wa zamani, alisema kamani, neno lililotoka Uajemi likiwa na maana ya upinde na ambalo mafundi saa wa pwani wamelitumia tangu zamani. Kila kibamba kina mwanya mdogo uliokatwa mahali pake. Ngazi za ufunguo huviinua vibamba vyote, kila kimoja kwa kimo chake, mpaka mianya yote mitano ikae mstari mmoja. Hapo kijiti cha chuma kilicho kwenye ufito hupita katikati ya mianya hiyo, na ndimi zikasogea. Kibamba kimoja kikiinuliwa pungufu, kijiti hugonga ukuta. Kikiinuliwa kupita kiasi, kijiti hugonga ukuta vilevile.

Hilo la kupita kiasi lina historia yake. Vitasa vya zamani vya Ulaya vilihitaji tu kibamba kiinuliwe. Mwenye waya uliopindwa angeweza kukiinua mpaka juu kabisa na kazi ikaisha. Mwaka 1778 Mwingereza Robert Barron alibuni kitasa ambacho vibamba vyake lazima viinuliwe kwa kipimo kamili, wala si zaidi. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1818, Jeremiah Chubb akaongeza hila nyingine: mtu akiinua kibamba kupita kiasi, kitasa kinajikaza na kukaa vile vile mpaka mwenye nyumba aje na kukirejesha, na kwa hivyo ajue kwamba mgeni alipita. Waingereza wakaamini kwamba wamemaliza kazi. Ndipo mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs akakifungua kitasa cha Chubb kwa muda wa chini ya nusu saa. Kisha akakiendea kile cha Joseph Bramah, kilichokuwa kimewekwa hadharani miaka mingi na kuahidiwa zawadi ya gini 200 kwa atakayekishinda. Kilimchukua saa 51 zilizotawanywa katika siku 16, lakini alikifungua. Mwongo mmoja baadaye Linus Yale akaisanifu upya, kwa chuma na shaba, fikira iliyokwishatumiwa na Wamisri wa kale katika makomeo yao ya mbao, yaani vijiti vinavyoanguka ndani ya ulimi kuuzuia na kuinuliwa na ufunguo. Hii ndiyo asili ya vitasa vingi tulivyo navyo leo vyenye ufunguo mwembamba.

Nilimuuliza fundi: ikiwa kila kitasa hufunguliwa na mwenye subira, faida ya ndimi nyingi ni nini? Akacheka. "Mwizi wa Ngamiani hana saa 51," akasema. "Ana mguu." Akanieleza kwamba mlango wenye ulimi mmoja hubeba teke zima mahali pamoja, na kinachopasuka mara nyingi ni mwimo, kitasa chenyewe kikibaki kizima. Ndimi zikiwa tano, teke lile lile linagawanywa kwa mwimo, kizingiti na sakafu. Upande wa bawaba nako akachomea meno mawili ya chuma yasiyosogea, yanayoingia ukutani kila mlango unapofungwa, ili hata mtu akikata bawaba mlango usitoke.

Kisha akasema neno ambalo wakati ule nililiona la kawaida. Alikuwa akipima mwimo kwa chaki, mahali pa kutoboa. "Watu hutazama ndimi," akasema. "Mimi hutazama matundu. Ulimi usipopata tundu ni msumari tu. Kitasa kinashika kwa lile tundu."

Wapenzi wa lugha mtanisamehe nikituama hapa kidogo, kwa sababu niliporudi Dar es Salaam maneno ya karakana yalinifuata. Nilianza kuandika orodha: funga na fungua, komea na komoa, shindika na shindua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Lugha yetu haina kitenzi cha kufungua kinachojitegemea katika jamaa hiyo. Kila kufungua kumezaliwa na kufunga, kwa kuongezewa irabu moja ndogo inayotengua. Kwanza pafungwe, ndipo pafunguliwe. Hata hivyo kile chombo cha mkononi, kinachofanya kazi zote mbili kwa usawa, tumekiita ufunguo. Hatukukiita ufungo. Waliotangulia waliona kwamba mtu habebi chombo kile mfukoni kutwa nzima kwa ajili ya kufunga. Hukibeba kwa kuwa anatarajia kurudi. Fumbo nalo limefanyiwa kinyume chake: limepewa jina la kufumbwa kwake, na kufumbuliwa kumeachiwa msikilizaji.

Nyumba na shairi, pia, ni ndugu wa zamani. Ubeti umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Arudhi, elimu iliyoratibiwa na Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mwanazuoni wa karne ya 8 mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra, imejaa istilahi za hema: kuna kamba, kuna vigingi. Na kila nusu ya ubeti wa Kiarabu, ambayo kwetu tungeilinganisha na ukwapi au utao, huitwa misraa, neno ambalo maana yake ya asili ni ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Mshororo ukikamilika, mlango umefungwa. Nilipoyajua hayo nilifurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani, maana tangu ujana wangu nimekuwa mtu wa kufunga.

Hapa ndipo lilipo lile jambo lisilonipa sifa.

Baba yetu alifanya kazi relini. Zamu zake zilikuwa za usiku, na saa ya kurudi haikujulikana, ilitegemea garimoshi. Kwa miaka yote hiyo mama hakutia komeo mlango wa mbele. Aliurudisha tu, akaweka taa ya chemli ukumbini, akalala usingizi wa sungura. Baba alifariki mwaka 1996, mbali na nyumbani, akiwa safarini. Mama alikuwa akitunga mashairi tangu usichana wake, mengi ya harusi na ya kuwaaga watu, akayaandika katika daftari lenye jalada la kijani. Baada ya arubaini alitunga moja la baba.

Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimekisoma kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi*, na nimekishika kama askari anavyoshika kanuni za jeshi. Wenzangu walikuwa wakisoma *Kichomi* cha Kezilahabi na kuutetea ushairi huru. Mimi nilibishana nao mpaka usiku wa manane. Nilikuja likizo nyumbani, nikaliona daftari la kijani mezani, nikalifungua bila kuomba ruhusa. Nilikuta ubeti huu:

Mlango nimeegesha, komeo sikulitia,
Taa nayo nimewasha, na njia naangalia,
Usiku kucha nakesha, hatua nasikizia,
Kumekucha, kumekwisha, hujaingia.

Mshairi mwenye sikio ameshaona nilichokiona. Mishororo mitatu imetimia, mizani nane kwa nane. Wa nne, ukwapi wake ni kamili, lakini utao una mizani tano. Nilichukua kalamu nyekundu. Nikaandika pembeni: "Guni. Mizani tatu zimepungua." Na kwa ukarimu wa kijana aliyesoma, nikaongeza sahihisho: "na wewe hujaingia." Mizani nane, kina kiko pale pale, mlango umefungwa.

Jioni mama aliliona. Hakusema neno. Alilifunga daftari, akaliweka kabatini, na tangu siku hiyo sikuliona tena, wala sikumsikia akighani. Mimi nilidhani ameacha kutunga kwa uzee. Niliendelea na maisha, nikaandika makala, nikawasahihisha vijana wengi, nikapata jina dogo la mtu asiyesamehe mizani.

Sasa turudi mlangoni.

Ilikuwa mwaka 2017, mwishoni mwa Aprili, na mvua ilikuwa imenyesha Tanga siku tano mfululizo. Basi langu lilichelewa. Nilifika nyumbani yapata saa tatu usiku. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Niligonga, nikasikia kandambili za mama, nikaona mwanga wa mshumaa chini ya mlango. Ufunguo ukaingia, ukazunguka nusu, ukagota.

"Umekuwa mgumu," mama akasema kutoka ndani. "Hata jioni nilipofunga ulikuwa mgumu. Niliusukuma kwa nguvu."

Nilimwambia azungushe tena. Hakikusogea. Nilimwambia autoe ufunguo ili nitumie wa kwangu. Haukutoka, maana ufunguo ulio katikati ya mzunguko hushikwa na kitasa mpaka uumalize au uurudishe. Wangu nao haukuweza kuingia kwa kuwa wa kwake ulikuwa ndani. Ndipo nilipoyaona maazimio yetu yote kwa mara moja: mlango wa uani ni matofali, madirisha ni nondo, mlango wa mbele ni chuma wenye ndimi sita, na ndani yumo mwanamke wa miaka 74 mwenye shinikizo la damu, na mshumaa unaowaka. Tulikuwa tumemfungia mwizi kila upande, na kwa kipimo kile kile tumemfungia mama.

Nilimpigia simu fundi. Aliuliza maswali mawili: ufunguo uko wapi, na mlango umeanza kushuka? Nikamulika kwa simu. Kweli, upande wa kitasa mlango ulikuwa umelala chini kidogo. Chuma kizito kimezidi nguvu za bawaba kwa mwaka mzima. Maji ya mvua nayo yalikuwa yameburuta mchanga mpaka kizingitini. Fundi akaelewa. "Tundu la chini limejaa mchanga," akasema. "Ule ulimi wa chini hauna pa kwenda. Na wale wa pembeni wamebeba uzito wa mlango. Gurudumu ni moja, mwanangu. Mmoja akikwama wote wamekwama. Usimwambie mama alazimishe, ufunguo utakatika. Uondolee ulimi mzigo. Tafuta mtaimbo, uingize chini ya mlango, uinue kidogo tu, unene wa sarafu. Kisha yeye arudishe ufunguo nyuma, polepole, kama mtu anayekoroga uji."

Jirani alikwenda kuutafuta mtaimbo kwa ndugu yake, mtaa wa tatu. Mvua iliongezeka. Nilimwomba mama auzime mshumaa, akauzima. Nikakaa barazani, mgongo wangu kwenye mlango. Nikasikia akivuta kigoda, akakaa upande wa pili. Kati yetu pana bamba la chuma na tundu la ufunguo lisilopitisha hata pumzi vizuri.

"Unaogopa, mama?"

"Hapana. Nimezoea kungoja mlangoni."

Kisha akacheka peke yake, na katika giza lile akaanza kughani. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, lakini mahadhi yalikuwa yale yale ya utoto wangu. Mlango nimeegesha, komeo sikulitia. Nilijua linakokwenda, na moyo ulianza kunidunda kabla halijafika. Alipofika mshororo wa nne aliutamka ukwapi, kumekucha, kumekwisha, kisha akanyamaza. Hakunyamaza kwa kusahau. Ulikuwa ukimya uliopimwa, wa mapigo matatu, nami niliyafuata kwa kidole gotini pasipo kukusudia. Ndipo akamalizia: hujaingia.

Sikuweza kusema kitu kwa muda. Mwishowe nikamwambia, "Mama, nilikuandikia guni."

"Uliandika."

"Ulijua kwamba zinapungua?"

"Nilihesabu, baba. Nane na nane, nane na nane, nane na nane. Nilipofika pale nilikuwa nalo hilo neno lako, na wewe. Nililiandika, nikalifuta. Nilitaka pabaki wazi. Zile tatu ni mahali pake."

Nilitaka kumwomba radhi, nikatafuta maneno, lakini jirani akawa amefika na mtaimbo. Tuliuingiza chini ya mlango, tukakandamiza. Chuma kikalia. "Sasa, mama, rudisha nyuma, polepole." Ndani nikasikia ufunguo ukisogea, gurudumu likauma meno yake, fito zikavutwa, na ndimi zote zikarudi kwa mkupuo mmoja. Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amesimama, kanga mbili begani, ufunguo mkononi. Akasema, "Karibu. Umelowa," kana kwamba nimefika wakati ule ule.

Asubuhi fundi alikuja mwenyewe. Aliuteua mlango kutoka kwenye bawaba, akatia washa ili uinuke. Akachukua tupa na kuyapanua matundu matatu ya mwimo upande wa chini, milimita mbili hivi kila moja. Nilimuuliza kama kufanya hivyo si kukilegeza kitasa. "Tundu lililobana kama ngozi huona fahari siku ya kwanza," akasema. "Nyumba hutua, chuma hutanuka kwa jua, mlango hushuka. Usipouachia ulimi nafasi, utakuja kunipigia simu usiku." Ufito wa chini aliuondoa kabisa, akaniwekea mkononi, ulikuwa umepinda kama upinde. Ndimi zikabaki tano, na mama akasema zinatosha hata kwa mfalme. Juma lililofuata tukayavunja matofali ya uani na kurudisha mlango, wenye komeo la chuma linalofunguliwa kwa ndani bila ufunguo.

Simwandikii msomaji ili kumwambia kwamba mizani hazina maana. Ningekuwa nimeelewa vibaya. Kama mishororo mitatu ya kwanza isingetimia nane kwa nane, ule ukimya wa mshororo wa nne nisingeusikia; ungekuwa kelele tu katika kelele nyingine. Aliyezipima zote ndiye aliyeweza kuziacha tatu. Kosa langu lilikuwa la fundi mwanafunzi: niliona tundu kwenye mwimo, nikadhani ni kasoro ya ubao, nikalijaza. Tangu siku ile, mtu akiniletea shairi lenye pungufu, namwomba kwanza anighanie kwa sauti yake. Mara nyingi pungufu ni pungufu tu, nami namwambia hivyo, kwa kuwa kumficha kijana kosa lake si huruma. Lakini mara moja moja nasikia pumzi imekaa mahali, na hapo naiweka kalamu chini.

Daftari la kijani lilirudi mezani mwaka ule ule, na baada yake likaja jingine, la buluu. Mama hakuwa ameacha kutunga. Alikuwa akiyaweka mashairi yake nyuma ya kitasa ambacho mimi ndiye niliyekitia. Pembeni mwa ule ubeti wino wangu mwekundu ungali upo. Nilimwomba ruhusa niufute kwa wembe, akakataa. "Uache," alisema. "Huo nao ni wa mwanangu."

Namaliza kwa ombi. Fundi yule alinipa majina machache: ulimi, tundu, kibamba, kamani, mpokea wageni. Najua Lamu, Unguja, Pemba, Mombasa na kwingineko yako mengine, na kamusi zinatupa riza kwa mnyororo wa mlango, tumbuu kwa pete yake, kia kwa gogo la kukingama, ambayo vijana wengi hawayajui tena. Ewe mwenye babu fundi au bibi aliyelala nyuma ya mlango wa zamani, muulize kabla hajaondoka: kila kipande cha kufungia kiliitwaje, na kile cha kufungulia? Nitafurahi sana kuyapata.